Siasa Ndani ya Darasa la Tanzania

Sera ya elimu ni msimamo rasmi wa dola kuhusu nani asome, asome nini, kwa lugha gani na kwa gharama ya nani, na kwa kuwa maswali hayo yanahusu mgawanyo wa mali na madaraka, ni vigumu kuyajibu kwa ushauri wa wataalamu peke yao. Tanzania inafaa kuchunguzwa kwa karibu katika jambo hili, kwa sababu tangu Tanganyika ipate uhuru mwaka 1961, mabadiliko mengi makubwa ya shule zake yametangazwa kwanza katika kikao cha chama, katika kampeni za uchaguzi au katika hotuba ya Rais, na ndipo yakaandikwa katika mtaala. Anayeyafuatilia kwa mfululizo huona mwenendo mmoja: yale yanayohesabika, kama vile idadi ya wanafunzi, vyumba vya madarasa na ada, hutekelezwa kwa kasi, ilhali maandalizi ya mwalimu na lugha ya kufundishia, ambavyo havina jiwe la msingi la kuwekwa, huahirishwa kutoka awamu moja ya uongozi hadi nyingine.

Serikali ya kikoloni iliacha shule zilizogawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na mgawanyo huo ulifutwa mara baada ya uhuru. Hata hivyo, mgogoro uliotikisa uhusiano wa elimu na dola ulitokea Oktoba 1966, pale wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Julius Nyerere akawarudisha makwao takriban 400 kati yao, huku akipunguza mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri wake. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata ukatolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliodai kwamba shule ya msingi isiwe chujio la kuwapata wachache wa kuendelea na sekondari, bali iwe elimu iliyokamilika kwa mtoto atakayebaki kijijini. Shule zikapewa mashamba, na somo la Siasa likafundisha itikadi ya chama tawala. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, somo hilo likaondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia, badiliko linaloonyesha jinsi maudhui ya daraja la chini kabisa la elimu yanavyoweza kubadilika kwa sababu muundo wa dola umebadilika.

Mfano ulio wazi zaidi wa idadi kutangulia maandalizi ni Azimio la Musoma la Novemba 1974. Serikali ilikuwa imepanga kufikia mwaka 1989 ndipo kila mtoto apate nafasi ya shule ya msingi, lakini Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati huo, iliyokutana Musoma, iliamua lengo hilo litimie ifikapo mwaka 1977. Miaka kumi na miwili ya maandalizi ilifutwa katika kikao kimoja, na kwa kuwa vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa kazi huku tayari wanafundisha. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, jina lililotokana na herufi za jina la Kiingereza la mpango wenyewe, Universal Primary Education, na ambalo baadaye liligeuka kejeli, jambo lisilo la haki hata kidogo, kwa maana walibeba mzigo ambao waliouagiza hawakuuandalia nyenzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikuwa umevuka asilimia 90, mafanikio ambayo nchi chache za Afrika zilikuwa nayo wakati huo, na yanayostahili heshima. Lakini tarehe ya kukamilisha kazi ilipangwa na chama, na ubora ukaachwa ujipange wenyewe.

Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, pamoja na mdororo wa uchumi uliofuata, vilifanya hata idadi hiyo ishindwe kudumu. Chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi wananchi walitakiwa kuchangia gharama za huduma, ada ikarudi katika shule za msingi, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Ada hiyo ilifutwa tena mwaka 2001, wakati nchi ilipokuwa inapata msamaha wa madeni, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, na madarasa yakafurika upya. Wimbi hilo lilipofika sekondari, kila kata ilihimizwa kujenga shule yake, na shule za sekondari zikaongezeka kutoka takriban 1,700 mwaka 2005 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Viongozi wa mikoa na wilaya walipimwa kwa madarasa yaliyokamilika kabla ya Januari, si kwa walimu wa Hisabati na Fizikia waliokuwamo ndani yake.

Matokeo ya haraka hiyo yalionekana Februari 2013, ilipotangazwa kwamba takriban asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka 2012 wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliunda tume ya kuchunguza, na hatimaye Serikali ikafuta matokeo hayo na kuagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia, hivyo kiwango cha kufaulu kikapanda. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa amejifunza neno jipya kati ya tangazo la kwanza na la pili. Baada ya hapo madaraja yakabadilishwa kuwa wastani wa alama, na mwanzoni mwa mwaka 2016 yakarudishwa kama yalivyokuwa kwa agizo la Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, ambaye ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani wakati matokeo ya mwanzo yanatangazwa. Miaka kadhaa kabla ya hapo masomo ya Fizikia na Kemia yaliwahi kuunganishwa chini ya waziri mmoja na kutenganishwa chini ya aliyemfuata, na katika misukosuko yote hiyo mwalimu hubaki na vitabu vya agizo la jana akisubiri vya agizo la leo.

Siasa huamua pia nani atoke darasani. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali, na tamko hilo likawa na nguvu kuliko mijadala yote iliyokuwa ikiendelea kuhusu kumruhusu arudi. Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, zuio liliondolewa kwa waraka wa Wizara.

Kuhusu gharama, elimu bila malipo hadi kidato cha nne iliingia katika sera iliyozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Februari 2015, mwaka wa uchaguzi mkuu, na kuanza kutekelezwa na mrithi wake Januari 2016. Shule hupokea ruzuku, yaani fedha za uendeshaji zinazokokotolewa kwa kichwa cha mwanafunzi, na kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka katika shule ya msingi na 25,000 katika sekondari. Anayelinganisha viwango hivyo na bei ya karatasi, chaki na mitihani ya majaribio ataelewa kwa nini michango ya wazazi, iliyopigwa marufuku majukwaani, hurudi kwa majina mengine.

Suala lililokwepwa kwa muda mrefu kuliko yote ni lugha. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, na Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985 na baadaye chuo kikuu. Serikali ilikataa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akakitetea Kiingereza kuwa ni Kiswahili cha dunia. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa kuruhusu lugha zote mbili, lakini Toleo la 2023 la sera hiyo hiyo, linaloweka elimu ya lazima ya miaka kumi na kupunguza shule ya msingi hadi miaka sita, limekiacha Kiingereza mahali pake katika sekondari. Wazazi wengi, na si viongozi peke yao, wanaamini kuwa Kiingereza ni tiketi ya ajira, na wenye uwezo wamekwisha kuwapeleka watoto wao katika shule binafsi zinazokitumia tangu darasa la kwanza, hivyo kero ya mtoto wa shule ya kata anayekariri asichokielewa haiwafikii wenye sauti. Uamuzi kuhusu lugha umeahirishwa chini ya marais sita, na kwa kuwa hauna jengo la kuzindua wala idadi ya kutaja jukwaani, haielekei kwamba utapewa nafasi ya mbele katika ilani yoyote ya karibuni, isipokuwa wazazi wa shule za kata wenyewe waudai.