Mti wa Plastiki Hauna Jina

Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kufundishwa kote nchini mwaka 2019, wanafunzi wetu wamekuwa wakiagizwa mara kwa mara watengeneze modeli: kijiji, shamba, mbuga ya wanyama. Aghalabu mzazi ndiye huishia kuzunguka maduka ya katikati ya Nairobi akitafuta vijiti vya plastiki vinavyoitwa miti.

Gharama hiyo haina lazima, na hasara yake si ya fedha pekee. Maua makavu huifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chukua dania iliyoachwa shambani ikachanua. Vitawi vyake hutawanyika kutoka ncha ya shina moja kama njiti za mwavuli. Ikikauka, huwa mgunga kamili wa nyika wenye kimo cha kidole. Shamari nayo ni vivyo hivyo. Vijimaua vyeupe ambavyo wauza maua wa City Market, Barabara ya Muindi Mbingu, huvichanganya na mawaridi, huwa vichaka vilivyochanua.

Ufundi wenyewe ni mwepesi. Maua huchumwa kabla hayajafunguka kabisa, hufungwa vishada vidogo, kisha huning'inizwa vichwa chini mahali pakavu penye hewa na giza, kwa wiki mbili au tatu. Giza huhifadhi rangi. Yakishakauka, huchovywa katika gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ili yasipukutike.

Sasa mpe mwanafunzi wa Kawangware au Westlands kazi ya kuijenga Nairobi ya mwaka 1899, reli ilipofika. Jina la jiji hili latokana na Kimaasai, nalo lahusu maji baridi. Palikuwa na kinamasi. Hivyo basi atahitaji mafunjo penye majengo ya leo, na msitu upande wa Dagoretti. Hawezi kuupanda mmea asioujua. Atalazimika kumuuliza bibi yake, mwalimu au mtunza bustani: huu waitwaje?

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mti wa plastiki hauna jina ila "mti". Lugha haifi kwa kukosa kamusi. Hufifia pale msemaji anapokosa sababu ya kutaja kitu. Katika hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, kumehifadhiwa takriban mimea milioni moja iliyokaushwa. Kinachoipa thamani ni kibandiko chake: jina, mahali ulipochumwa, tarehe. Pasipo kibandiko, ni majani makavu tu.

Wapo watakaosema kuwa maua makavu huvunjika na huliwa na wadudu. Ni kweli, lakini modeli ya darasani haikusudiwi kudumu karne. Wengine watahofia uharibifu wa mazingira. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo, wanafunzi wasichume katika bustani za umma wala misitu iliyohifadhiwa. Watosheke na masalio ya sokoni, magugu ya uani na nyasi zilizokwisha fyekwa.

Walimu wenzangu, tusiache mbachao kwa msala upitao. Tunaposahihisha modeli, tutoe alama kwa kila mmea uliopewa jina lake kwa Kiswahili, na jina la lugha ya nyumbani pale linapojulikana.