Poka: Nani Anamlipa Anayeshinda?

Kwenye meza za chini za kasino za Las Vegas, zile ambazo dau la lazima ni dola 1 na dola 2, hesabu ya kwanza ya kufanya ni ya makato. Karata zinakuja baadaye. Chukua wachezaji tisa, kila mmoja ameketi na dola 200: mezani kuna dola 1,800. Mgawa karata mzoefu huchezesha kama raundi 30 kwa saa. Katika kila dau linalokua kidogo kasino hukata sehemu yake, mara nyingi asilimia 10 hadi kikomo cha dola chache, na mshindi humrushia mgawa karata dola moja ya bakshishi. Tuseme vyote viwili vinafika wastani wa dola 5 kwa raundi. Hizo ni dola 150 kwa saa. Kama hakuna anayeongeza fedha, baada ya saa 12 zile dola 1,800 zote zimehama meza, na huenda hakuna hata mmoja aliyecheza vibaya.

Hapo ndipo poka inapotofautiana na mkeka wa mpira. Anayebeti timu anashindana na kampuni. Kwenye poka kasino haijali nani anakula na nani analiwa. Yenyewe inatoza ushuru wa kiti. Kwa mfano wetu, kila kiti kinalipa karibu dola 17 kwa saa kabla mchezaji hajapata senti yake. Kwa hiyo haitoshi kuwa na akili kuliko jirani. Lazima umzidi kwa kiasi cha kulipa makato na bado kubaki na chenji, na jirani huyo lazima awe na mshahara mahali pengine wa kumrudisha mezani Ijumaa ijayo.

Sasa mchukue mchezaji wa ridhaa aliye mzuri kweli, anayebaki na wastani wa dola 10 kwa saa. Akikaa saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, anapata dola 20,000 kabla ya kodi. Hana bima ya afya ya mwajiri, hana likizo yenye malipo, na Jumamosi usiku, wakati wenzake wanastarehe, ndiyo zamu yake bora, kwa sababu walevi na watalii wapo.

Tena huo ni wastani, na wastani haulipi kodi ya nyumba. Kwenye meza hizo si ajabu matokeo ya saa moja kuyumba kwa dola 100 juu au chini. Ukipiga hesabu, mchezaji huyu mshindi akishamaliza saa 100 za kazi ana uwezekano wa karibu mara moja kati ya sita kuwa bado yuko kwenye hasara. Ni zaidi ya wiki mbili za kazi bila mshahara, au na mshahara hasi, bila kosa lolote. Ndiyo maana wenye uzoefu husema usiingie bila mtaji wa mara 20 hadi 40 ya fedha unayokaa nayo mezani, yaani dola 4,000 hadi 8,000 ambazo haziguswi kwa chakula wala ada ya mtoto. Wengi hawaangushwi na ujinga wa karata. Wanaangushwa na kula mtaji, kama muuza duka anayechota unga wa kuuza akapike nyumbani. Mchezaji Stu Ungar alishinda fainali kuu ya mashindano ya dunia ya poka mara tatu, 1980, 1981 na 1997, na mwaka 1998 alikutwa amekufa kwenye moteli ya Las Vegas, karibu hana kitu. Dawa za kulevya zilichangia, lakini fedha za kipaji chake zilikuwa zimekwisha zamani.

Kuna wakati biashara hii ilikuwa na neema. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker alipata tiketi ya fainali hiyo kwa mchujo wa mtandaoni uliomgharimu chini ya dola 100, akawashinda wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye washiriki walikuwa 8,773. Watu humtaja Moneymaker kama ushahidi kwamba mtu wa kawaida anaweza. Kibiashara alithibitisha jambo jingine: aliwaletea wazoefu maelfu ya wateja wapya wenye matumaini na kadi za benki. Kisha Aprili 15, 2011, wizara ya sheria ya Marekani ikafunga milango ya tovuti kubwa kwa Wamarekani. Mojawapo, Full Tilt, ikakutwa haina fedha za kuwarudishia wachezaji wake.

Waliobaki mtandaoni wamekuwa wagumu zaidi. Mwaka 2017, katika kasino moja ya Pittsburgh, programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza raundi 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, ikawazidi wote. Siku hizi hata kupiga mkwara kuna jedwali: programu za mazoezi zinakuambia, ukiwa na karata hizi na dau hili, utishie mara ngapi kati ya mia. Kijana anayekesha akizikariri si yule unayetaka kuketi naye. Mchezaji wa ridhaa mwenye busara huchagua meza kwanza, na akikuta imejaa vijana waliovaa visikizio, kimya, anaondoka.

Mashindano makubwa yanapendeza kwenye picha tu. Mwaka 2024 watu 10,112 waliingia fainali kuu ile ya dunia, kila tiketi dola 10,000, na takriban asilimia 15 tu ndio waliotoka na chochote. Hata anayepiga picha na mamilioni mara nyingi si mwenye mamilioni hayo; wawekezaji waliomchangia ada huchukua mgao wao kwanza.

Mfano wa mchezaji mpya aliyefanikiwa upo. Mwandishi na mwanasaikolojia Maria Konnikova alianza bila kujua sheria za mchezo, na Januari 2018 akashinda shindano Bahamas na kupata dola 84,600. Lakini mwalimu wake alikuwa Erik Seidel, mmoja wa wachezaji bora duniani, na safari yote ilikuwa ya kuandika kitabu. Alikuwa na kazi tayari. Poka ilikuwa malighafi yake.

Inabaki serikali. Uingereza haitozi kodi ushindi wa mchezaji. Marekani inatoza, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1987 kwamba anayecheza kamari muda wote ili aishi anafanya biashara halali machoni pa kodi. Mlalamikiwa, Robert Groetzinger, alikuwa akibeti mbwa wa mbio saa 60 hadi 80 kwa wiki, na mwaka uliozua kesi alimaliza na hasara ya dola 2,032. Sasa sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaruhusu, kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, kutoa asilimia 90 tu ya hasara. Aliyekula dola 100,000 na kuliwa dola 100,000 atahesabiwa kuwa na kipato cha dola 10,000, na atakilipia kodi.