Hesabu ya Mkopo Ifike Ubaoni

Mteja alisimama mbele ya mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akiuza nazi katika mitaa ya Recife, Brazili. Nazi moja ilikuwa cruzeiro 35. Yeye alitaka 10. Mtoto hakuongeza sifuri mwishoni kama walimu wanavyoelekeza. Alianza na tatu, akapata 105. Akaongeza tatu nyingine, 210. Tatu tena, 315. Akamalizia na ile moja iliyobaki: 350.

Mteja huyo alikuwa mtafiti. Terezinha Nunes Carraher na wenzake wawili walichapisha matokeo yao mwaka 1985: katika maswali ya kibiashara watoto wale walipata asilimia 98. Walipopewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala mteja, walishuka hadi asilimia 37. Ni kweli walikuwa watoto watano tu, na mtu angeweza kusema hiyo ni bahati mbaya ya wachache. Lakini Februari 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti mkubwa zaidi kutoka masoko ya Kolkata na Delhi nchini India, ukiwa na majina ya Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Nobeli ya uchumi. Watoto wa sokoni walikwama tena kwenye karatasi. Kilichoshangaza zaidi ni upande wa pili: watoto wa shule wasiofanya biashara, wazuri wa kukokotoa daftarini, walipewa swali la sokoni ambalo zaidi ya theluthi ya wachuuzi walilipata. Kati yao, ni asilimia 1 tu waliolipata.

Kwa hiyo kusema kwamba mtoto "hajui hesabu" hakutoshi. Ipi? Tanzania, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, ni takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano aliyefaulu Hisabati. Miongoni mwa walioanguka wapo wanaosimamia genge la mama jioni na kurudisha chenji bila kukosea hata shilingi mia.

Mtaala mpya wa Tanzania umeliona hilo kwa sehemu. Ndani yake Elimu ya Biashara ni somo la lazima kuanzia kidato cha kwanza. Hatua nzuri. Hofu ni kwamba somo lenyewe linaweza kugeuka la kukariri: eleza maana ya mjasiriamali, taja sifa zake tano. Mwanafunzi atazitaja zote, kisha atakwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Tuichukue hiyo kausha damu kama ilivyo mtaani. Mama wa chipsi anapewa laki moja, na rejesho ni 5,000 kila siku kwa siku 26. Atalipa 130,000. Wengi huishia hapo: riba ni 30,000, yaani asilimia 30, basi. Lakini laki ile hakukaa nayo siku zote 26. Tangu siku ya kwanza alianza kuirudisha, na kufika siku ya 13 ni nusu yake tu iliyobaki kwenye mtaji wake. Kwa wastani alikuwa akitumia kama 50,000, na kwa hiyo 50,000 ametozwa 30,000. Hiyo ni asilimia 60 kwa muda usiofika mwezi. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana zimeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 3,500 kwa laki nzima iliyokaa mwezi mzima. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua asilimia na wastani anaweza kuifanya hesabu yote hii kwa kipindi kimoja. Tatizo ni kwamba hakuna anayempelekea karatasi ya mkopo.

Risiti nazo ni vitabu vya bure. Risiti ya jumla ya 118,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani: kodi ni ngapi? Darasa zima litakimbilia 21,240. Jibu ni 18,000, kwa sababu asilimia 18 hutozwa kwenye bei kabla ya kodi, si kwenye jumla. Au mtoto wa mkulima wa viazi kule Njombe apewe gunia la lumbesa. Baba ameuza kwa 60,000 akihesabu kilo 100, shilingi 600 kwa kilo, kumbe gunia limejazwa hadi kilo 130. Amegawa bure viazi vya 18,000, tena kwa kila gunia.

Wazo la kuunganisha darasa na kazi halisi si geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe pia jumuiya za uzalishaji. Mashamba yakalimwa kweli, ila katika shule nyingi mwanafunzi aliishia kwenye jembe. Daftari la mapato na matumizi lilibaki ofisini.

Tahadhari moja inatoka Brazili hiyohiyo. Mwaka 2010 na 2011 elimu ya fedha ilijaribiwa huko katika shule 892 za sekondari. Uelewa wa wanafunzi ulipanda, na wengi zaidi wakaweka akiba. Hata hivyo, waliofundishwa walizidi pia kutumia mikopo ya gharama kubwa. Kuzoea lugha ya fedha kunaweza kumpa kijana ujasiri wa kukopa kabla hajajua kuupima mkopo wenyewe, na ndiyo maana ukokotoaji wa gharama halisi usiachwe uwe mada ya mwisho wa muhula, ile inayorukwa mitihani ikikaribia.

Kazi hii haihitaji bajeti mpya. Mwalimu wa Hisabati na wa Biashara wakae meza moja, wakusanye risiti, ujumbe wa makato ya simu na karatasi za mikopo zilizofutwa majina. Mkuu wa shule awape wanafunzi hesabu za duka au shamba la shule wazikague. Nawe mzazi, kabla hujasaini mkopo ujao, mpe mwanao karatasi hiyo na kalamu, akuambie unalipa asilimia ngapi.