Ufunguo wa programu: Anayefungiwa nje ni nani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalomkera kila aliyewahi kununua programu ya kompyuta kwa fedha zake halali. Nalo ni ule mfululizo wa herufi na tarakimu ambao programu huudai kabla ya kukubali kufanya kazi. Watengenezaji huuita ufunguo.

Kwanza tuelewe asili yake. Kiti kikiibwa, mwenyewe hubaki amesimama. Programu ikinakiliwa, mwenyewe hubaki nayo, ila hukosa malipo. Malalamiko hayo ni ya zamani. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta nchini Marekani, akiwalaumu kwa kunakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Mimi siwatetei wezi. Aliyetoa jasho anastahili ujira wake, na sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, zinailinda programu ya kompyuta.

Lakini funguo za mwanzo zilikuwa dhaifu mno. Chukua Windows 95. Namba ya nakala za dukani ilikuwa na tarakimu tatu, kisha saba. Hesabu yake kubwa ilikuwa kujumlisha zile saba na kutazama kama jumla inagawanyika kwa 7. Basi mtu akiandika 1 tupu mpaka mwisho, jumla ni 7, na mlango unafunguka! Tena ufunguo mmoja ungeweza kutumika katika kompyuta mia, kwa sababu kompyuta haikumwuliza mtu yeyote.

Mwaka 2001, ilipotoka Windows XP, utaratibu ukabadilika. Sasa ufunguo wa herufi na tarakimu 25 haukutosha peke yake. Programu ilivitazama vipuri vya kompyuta yako, yaani diski, kumbukumbu, kadi ya mtandao na vinginevyo, ikatengeneza namba ya kuitambulisha mashine hiyo. Namba hiyo ilipelekwa kwa kampuni kwa intaneti, au mnunuzi aliisoma kwa simu, tarakimu 50, naye akasomewa nyingine za kujibu. Siku 30 zikipita bila idhini hiyo, programu hugoma.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Umeme ukiunguza kompyuta, fundi akabadilisha vipuri kadhaa, programu hudhani imehamishiwa mashine nyingine. Mwenye mali huanza upya kuomba ruhusa ya kutumia kitu alichokwisha kukilipia.

Pili, anayetoa idhini naye hukosea. Agosti 2007 kompyuta kuu za Microsoft zilikosewa na wahudumu wake, zikawaita maharamia maelfu ya wateja halali. Waliokuwa na Windows Vista walinyimwa baadhi ya huduma zake. Novemba 2018 wateja wa Windows 10 Pro waliambiwa leseni yao ni ya Home, toleo la chini, hadi kampuni iliporekebisha.

Tatu, kampuni huchoka. Adobe ilipozima kompyuta zilizokuwa zikiidhinisha programu zake za CS2, zilizotoka mwaka 2005, ililazimika kutoa nakala zisizohitaji idhini, la sivyo wanunuzi wasingeweza kuziweka tena. Hiyo ilifanya uungwana. Je, kampuni ikifilisika, nani atajibu simu?

Na haramia, je? Yeye wala hakusumbuka. Windows XP ilikuwa na funguo maalumu za mashirika makubwa, zisizohitaji idhini. Mmoja ulivuja mwaka huo huo wa 2001, hata kabla programu haijafika madukani. Aliyeiba akaingia bila kuulizwa, aliyenunua akabaki akisoma tarakimu kwenye simu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sisemi milango isiwe na kufuli. Nasema kufuli ambalo ufunguo wake unakaa kwa muuzaji si la mwenye nyumba. Kampuni inayoacha kuidhinisha programu yake ilazimike kuwapa wanunuzi nakala iliyo wazi. Nasi wanunuzi tuhifadhi stakabadhi na ufunguo pamoja, na kabla ya kulipa tuulize: nikibadilisha kompyuta, itakuwaje? Ipo pia njia ya tatu, isiyo ya wizi wala ya kuomba ruhusa. Mfumo wa Linux, ulioanza mwaka 1991, na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, hugawiwa bure kwa ridhaa ya wenyewe, na havidai ufunguo wowote.