Mafua ya Mtoto: Hesabu Pumzi Kabla ya Kukimbilia Dawa

Kila mwaka ifikapo kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ni nyumba chache mno za Dar es Salaam zisizokuwa na mtoto anayechuruzika kamasi. Usiku mama halali, kwani mtoto huliacha ziwa na kulia kwa kuwa pua zimeziba. Asubuhi baba aendapo kazini hupitia duka la dawa, akaeleza habari kwa maneno mawili matatu, na jioni hurudi na chupa ya dawa ya kikohozi na vidonge vya rangi mbili. Baada ya siku saba au kumi mtoto hupona, na sifa zote zikaenda kwa vidonge. Ukweli ni kwamba angepona siku hiyo hiyo hata kama fedha zile zingenunua samaki.

Mafua huletwa na virusi, navyo ni vya aina zaidi ya 200. Ndiyo maana mtoto aliyepona juma lililopita aweza kuugua tena juma hili, na wala si ajabu akiugua mara sita hata nane kwa mwaka. Mzazi asidhani kuwa mwanawe ana damu dhaifu. Baridi peke yake haizai mafua. Lakini wakati wa baridi madirisha hufungwa, watu sita hubanana chumba kimoja, na mmoja akipiga chafya huwagawia wenziwe wote. Influenza, ambayo virusi vyake viligunduliwa kwa binadamu mwaka 1933 huko Uingereza, ni ndugu mkali zaidi: huja ghafla, kwa homa kubwa na maumivu ya viungo.

Sasa, dawa za antibayotiki huua bakteria, virusi hazivigusi. Kamasi kugeuka rangi ya kijani si dalili kwamba dawa hizo zinahitajika. Nazo dawa za maji za kikohozi hazimsaidii mtoto mdogo, na pengine humdhuru. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kuharibika, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na kemikali ya sumu.

Kinachofaa ni kidogo na rahisi. Chemsha maji robo lita, tia chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, yaache yapoe, kisha dondosha matone mawili matatu katika kila tundu la pua kabla ya kunyonyesha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mkubwa mpe uji mwepesi na maji. Akiwa na homa na maumivu, paracetamol kwa kipimo cha uzito wake yatosha. Aspirini asipewe kamwe, kwani imehusishwa na ugonjwa wa nadra unaoharibu ini na ubongo. Asali kijiko cha chai wakati wa kulala hutuliza kikohozi, ila kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja tu. Kumfukiza mtoto kwa sufuria ya maji yanayochemka ni kumtafutia majeraha ya moto.

Liko jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema wazi. Kikohozi cha mafua huweza kuendelea majuma mawili au matatu hata baada ya kamasi kukauka. Hapo ndipo jirani hunong'ona kwamba mtoto ana kimeo, akatwe. Kimeo ni kiungo cha kawaida ambacho kila mtu anacho kooni; hakileti kikohozi. Wembe wa mkata kimeo huleta kutoka damu, pepopunda na vidonda vinavyooza, na wako watoto waliokufa kwa jambo hilo ilhali kikohozi chao kilikuwa kinakaribia kuisha chenyewe.

Linalopaswa kuogopwa ni nimonia, na kuitambua hakuhitaji elimu ya chuo. Mtoto akiwa ametulia, asiyelia wala kunyonya, mfunue nguo, utazame tumbo na kifua, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa ya mkononi au ya simu. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha, maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Toka miezi miwili hadi kumi na miwili, 50 au zaidi. Toka mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Tazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila avutapo pumzi. Ukiona hayo, nenda kituo cha afya saa ile ile, hata ikiwa usiku. Hapa antibayotiki ndiyo dawa, naye mganga ndiye wa kuitoa.

Vivyo hivyo kwa mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke, au ambaye midomo yake imegeuka rangi ya buluu. Mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote hangojewi. Tena homa isihesabiwe kuwa ni ya mafua kwa sababu tu pua inatoka kamasi, kwani malaria na mafua huweza kumkuta mtoto mmoja kwa siku moja, damu ipimwe.

Mama wengi wa mjini hurudi kazini mtoto angali mchanga, na anayeshinda naye ni yaya, bibi au dada yake aliye shule. Basi huyo ndiye wa kufundishwa kuhesabu pumzi, tena kwa vitendo, mtoto akiwa mzima. Aachiwe kadi ya kliniki na nauli ya kufika zahanati, wala asilazimike kungoja wazazi watoke kazini saa kumi na moja.