Sura ya Sita: Kuuza Shanga kwa Mteja Asiyezigusa

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda nchi za maziwa ilibeba shanga kwa sababu zilitumika kama fedha njiani. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora na Ujiji pamoja na John Hanning Speke, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, thamani yake na mahali inapopendwa. Samisami nyekundu zilinunua chakula nchi moja, zikakataliwa nchi ya jirani. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa uliweza kulala njaa huku wapagazi wamejitwika mizigo kamili. Speke mwenyewe, alipoliona Ziwa Viktoria upande wake wa kusini, karibu na Mwanza ya leo, mwanzoni mwa Agosti 1858, alikuwa amenunua chakula chake cha njiani kwa nguo na shanga.

Wapenda urembo wa kanda hii, basi, wana macho makali tangu zamani. Lakini mnunuzi wa enzi hizo alikuwa na kitu ambacho mteja wa leo wa mtandaoni hana: alizimimina shanga kiganjani, akazigeuza, akavuta uzi kuona kama utakatika. Mteja wako aliyeko Dodoma au Muscat ana picha tu. Kila hatua ya kukuza biashara ya urembo mtandaoni, kuanzia kuchagua bidhaa hadi kufunga mzigo, ina kazi moja: kumpa mtu huyo sababu ya kuamini kitu asichokishika.

Chagua kile ambacho kiwanda hakiwezi

Hereni za kiwandani kutoka China zinapatikana kila kona ya Mwanza, kwa bei ambayo fundi wa mkono hawezi kuifikia. Usishindane nazo kwa bei. Shindana kwa kazi ya kuagizwa. Kamati ya sendofu imechagua kijani na dhahabu. Bibi harusi, mama yake na mashangazi wanataka seti zinazofanana, kila moja kwa kipimo cha mvaaji. Fundi wa Nyakato au Nyegezi anaweza kuzitunga shanga hizo kabla ya siku ya shughuli. Kontena lililoko baharini haliwezi.

Njia ya pili ni vitu vyenye asili ya hapa. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, ni shule ya macho kwa mtunga shanga. Kila mwaka, mwezi wa sita, sherehe za Bulabo huwakutanisha Wagika na Wagalu, pande mbili za ngoma zinazoshindana tangu enzi za mababu. Tazama wachezaji wamevaa nini, uliza wazee kwa adabu, kisha tunga cha kwako na useme umejifunza wapi. Mteja wa mbali hununua kidani pamoja na maelezo yake.

Malighafi pia ipo karibu. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, mafundi wamekuwa wakigeuza ngozi ya sangara, inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, kuwa ngozi imara ya mikoba na viatu. Kipande kisichotosha kiatu kinatosha hereni. Pembe za ng'ombe nazo hukatwa na kusuguliwa zikawa bangili.

Hapo kuna mipaka miwili ya kisheria. Meno, pembe, kucha na ngozi za wanyamapori usiziguse bila kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitanii. Na ingawa Geita iko jirani, dhahabu ghafi hainunuliwi uchochoroni. Biashara yake inahitaji leseni na hupitia masoko ya madini, yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019.

Picha ifanye kazi ya mkono

Chukua hereni moja ya shanga ndogo. Ukiipiga kwa taa ya simu, kila ushanga unatoa nukta nyeupe na rangi inapotea. Ukiipiga juani saa 7 mchana, kivuli chake kinakuwa kizito kuliko yenyewe. Ipige kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, kivulini, karibu na mlango ulio wazi, juu ya kitu cha rangi moja kisichong'aa. Mwanza imejaliwa mawe ya kijivu kila mlima. Nyekundu na bluu hukaa vizuri sana juu yake. Kabla ya yote futa lenzi ya simu, kwa maana mafuta ya vidole ndiyo huzitia picha nyingi ukungu.

Hereni hiyo ipige picha nne. Ya kwanza mbele. Ya pili nyuma, ionyeshe mafundo ya uzi na ndoano, kwa sababu mtu angekuwa nayo mkononi angeigeuza. Ya tatu ikiwa sikioni mwa mtu, ili urefu wake uonekane kwenye shingo. Ya nne kando ya rula. Filta za kubadili rangi ziache kabisa: mteja aliyeagiza rangi ya samli akapokea njano ya limau hatarudi, na atawaambia wenzake.

Maelezo yajibu maswali ambayo yatakuja tu: "Dada, hii inachuja?" "Ni nzito?" "Mnatuma mikoani?" Andika urefu kwa sentimita, aina ya uzi, na ndoano ni ya nini. Kama ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, sema hivyo. Kuna masikio yanayowashwa na nikeli, na mwenye sikio kama hilo atakuheshimu ukimwonya mapema.

Bei iandikwe

Kurasa nyingi za biashara huficha bei na kumwambia mteja aje inbox. Anayefanya hivyo anadhani anavuta mazungumzo. Mteja naye anaelewa kwamba bei itapangwa kwa kumtazama yeye ni nani. Mtu ambaye hajaishika bidhaa yako usimwongezee shaka ya pili. Andika bei.

Ili uiandike bila woga, lazima uijue. Tuseme hereni moja inakula shanga za shilingi 1,200, ndoano za 300, uzi wa 100, kadi na mfuko 400. Hizo ni 2,000. Umeitunga kwa saa moja na nusu, na umeamua saa yako ni shilingi 2,000: ongeza 3,000. Bando na nauli ya kufuata vifaa, 500. Hereni imekugharimu 5,500 kabla hujapata faida hata senti. Ukiiuza 8,000 unabaki na 2,500 za kununulia shanga nyingine na kuziba hasara. Ukiiuza 5,000 kwa sababu jirani anauza hivyo, umemlipa mteja akuvalie kazi yako. Mafundi wengi huacha jasho lao nje ya hesabu, kisha wanashangaa mbona oda zinaongezeka na mtaji unapungua.

Fedha na mzigo

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo mteja wa Bukoba anaweza kulipa kabla chai haijapoa. Hofu yake ni kwamba akishatuma, namba itazimwa. Punguza hofu hiyo kwa majina yanayolingana: jina la ukurasa, jina linalotokea anapolipa kwa lipa namba, na jina la biashara ulilolisajili BRELA yawe moja. Kwa oda maalumu, kuomba nusu ya malipo mapema ni haki yako, maana seti ya rangi za sendofu ya mtu haiuziki kwingine. Nawe jilinde: usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya muamala. Angalia salio lako mwenyewe.

Jiografia ya Mwanza imerahisika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na magari ya kwenda Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko. Mzigo wa Ukerewe hupanda meli hadi Nansio. Wa Dar es Salaam huenda na basi, na wa nje ya nchi hupelekwa Posta. Mkufu ufunge kwenye kadi ili usijisokote, kadi iingie kwenye kiboksi kigumu. Kisha mtumie mteja picha ya kiboksi, risiti, namba ya basi na simu ya kondakta. Kuanzia hapo anaufuatilia mzigo kwa macho yake.

Kukua bila kupoteza imani

Ukurasa ni wa kampuni nyingine. Wateja ni wako. Intaneti ilipozimwa nchini kote kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa, aliyekuwa na wateja ndani ya programu za simu tu hakuwa na wa kumpigia. Weka daftari: jina, simu, mji, alichonunua, rangi anayopenda. Uzi ukikatika ndani ya miezi mitatu, mrekebishie bure. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumtafuta mteja mpya.

Kazuri ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Susan Wood, ilianza na wanawake wawili wakifinyanga shanga za udongo. Baadaye ikaajiri mamia. Shanga za karatasi za Kampala zilienea Marekani kuanzia 2004 kupitia shirika la BeadforLife, kwa mikusanyiko ya majumbani ambako wageni walizishika na kusikia habari za waliozitengeneza. Fuata mfano huo mara chache kwa mwaka: panga meza Nane Nane au kwenye kicheni pati, watu wazishike, kisha wape jina la ukurasa. Aliyeshika mara moja hununua kwa picha bila wasiwasi.

Oda zikizidi mikono yako, fundisha mwenzako. Kila mtindo uwe na sampuli iliyoshonwa kwenye kadi, yenye hesabu ya shanga na kipimo cha uzi, ili kazi yake ifanane na picha uliyoiweka wewe.

Na kabla hujalipia tangazo lolote, tuma oda tatu kwa watu wasiokujua, katika miji mitatu, uwaombe wakueleze kwa ukweli nini hakikufanana na picha. Watakachokitaja, kirekebishe kwanza. Fedha ya tangazo itumike baada ya hapo.