Ungekuwa na Uwezo, Ungempima Mwenzi Wako Ubongo?

"Shemeji, hivi ni kweli kuna mashine inayosoma kichwa cha mtu?"

Swali hilo niliulizwa Kinampanda, kule Iramba mkoani Singida, na mke wa rafiki yangu. Alisomea ualimu chuo cha hapohapo, akapata kazi hukohuko. Mumewe yuko Dar. Ndoa za mbali si unazijua tena: kila usiku simu. Uko wapi? Uko na nani? Mbona namba yako ilikuwa inatumika? Majuzi bwana akamwambia kwamba angekuwa na hela angempeleka akapimwe ubongo, ukweli ujulikane. Eti utani. Mama wa watu hakucheka.

Mpenzi msomaji, inawezekana nawe umewahi kuitamani mashine hiyo. Basi tuijue.

MRI tunazo nchini, Muhimbili na hata Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma. Ni sumaku kubwa yenye kelele kama za nyundo, inayopiga picha za ndani ya mwili kusaka ugonjwa. Watafiti huitumia kwa namna nyingine, wanayoiita fMRI. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi, damu yenye oksijeni humiminika hapo, na mbele ya sumaku damu hiyo haifanani na ile iliyoishiwa oksijeni. Mjapani Seiji Ogawa na wenzake ndio waliolionyesha hilo huko Marekani mwaka 1990. Kwa hiyo kinachoonekana ni damu, tena imechelewa sekunde 5 hivi. Jina la mchepuko halimo!

Mapenzi yamepimwa, ndiyo. Mwaka 2005 Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti wa watu 17 waliozama kwenye penzi. Wakionyeshwa picha ya mpenzi, iliamka ile sehemu ya ubongo inayomsukuma mtu kufukuzia anachokitaka. Lakini huo ni wastani wa kundi. Haukupi cheti cha mtu mmoja.

Na uongo je? Marekani kampuni ziliwahi kuuza kipimo hicho. Mwanasaikolojia mmoja aliyeshtakiwa kwa udanganyifu akakipeleka mahakamani Tennessee. Kumbe kwa tuhuma moja mashine ilimwona mwongo, akarudia, ikamwona mkweli! Mwaka 2010 mahakama ilikikataa, na mwaka 2012 rufaa ikatupwa. Halafu kuna kile kisa cha samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki mfu kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza wanajisikiaje. Hesabu zilipofanywa kizembe, ubongo wa marehemu "ukawaka". Sasa hapo wewe unapeleka ndoa yako?

Utafiti niliomsimulia shemeji ni mwingine kabisa. Mwaka 2006 James Coan na wenzake walichapisha habari za wanawake 16 walioolewa, waliochaguliwa kwa kuwa na ndoa zenye furaha. Kila mmoja alilazwa ndani ya sumaku, kifundo cha mguu kimefungwa waya. Alama fulani ikitokea, anajua huenda akapigwa shoti ya umeme. Ilikuja kama mara 1 kati ya 5. Hebu fikiria, umelala kwenye bomba jembamba unasubiri shoti! Safari moja alikuwa peke yake, nyingine ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, nyingine na mumewe. Mkono wa mgeni ulipunguza kidogo ile hekaheka ya hofu ubongoni. Wa mume uliipunguza zaidi. Na hata miongoni mwa hao wenye furaha, walioridhika zaidi na ndoa zao ndio waliotulia zaidi.

Ni wanawake 16 tu, sikumficha. Ila nilivyoona mimi, rafiki yangu alikuwa anaitafuta mashine wakati nauli ya basi anayo.

Shemeji alinyamaza kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mara ya mwisho alikuja Krismasi," akasema. "Sasa huu mwezi wa sita."

Akachukua simu, akapiga yeye. Nilimsikia akisema, "Baba Neema, leo nauliza mimi. Unakuja lini?"

Upande wa pili ulikaa kimya muda mrefu. Nikatoka nje kuwapisha.